Mapambo ya ukutani ya mbao na resini: jinsi ya kuyatengeneza nyumbani bila kupoteza pesa wala afya

Huenda umeona picha hizi kwenye simu yako: ubao wenye mto wa bluu unaong'aa katikati, au vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa kama ndege, mlima au jua, vikiwa vimefunikwa na kitu kinachong'aa kama kioo. Kitu hicho ni resini. Watu wengi wanauliza kama kazi hii inaweza kufanyika hapa tunapoishi, iwe ni Nakivale, Kyaka, Kakuma, Nyarugusu au vijiji vya jirani. Jibu ni ndiyo. Mbao zinapatikana kwa seremala, na resini inauzwa mijini.

Lakini resini si gundi ya kawaida. Ni kemikali mbili zinazochanganywa, na kabla ya kuganda zinaweza kudhuru ngozi, macho na mapafu. Video nyingi hupigwa kwenye karakana kubwa zenye madirisha na feni. Hazionyeshi nyumba ya chumba kimoja ambamo watu hupika, hulala na kulea watoto. Pia resini ni ghali, na kosa moja la kupima linaweza kuharibu chupa nzima siku ya kwanza.

Makala hii imeandikwa kwa wakimbizi na kwa wenyeji. Inaeleza utakachohitaji, hatua za kazi, hatari zilizopo, na namna ya kupanga bei ukitaka kuuza. Soma yote kabla ya kununua chochote.

MAMBO MUHIMU YA KUKUMBUKA

• Usichanganye wala kumwaga resini ndani ya chumba mnamolala au mnamopikia.
• Watoto, wajawazito na wenye pumu wasikae karibu na resini ambayo haijaganda.
• Pima kama chupa inavyosema. Usikisie kwa macho.
• Usitumie tena chombo cha resini kwa maji au chakula, hata ukikiosha mara kumi.
• Usikate mti wa mtu au wa msitu kwa ajili ya pambo. Vipande vilivyobaki kwa seremala vinatosha.

RESINI NI NINI?

Resini ya asili ni utomvu wa mti uliokauka. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la sandarusi. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini kwenye mrima, ikapelekwa Zanzibar, kisha ikasafirishwa hadi Marekani na Ulaya kutengenezwa vanishi. Kwa hiyo kufunika mbao kwa utomvu unaong'aa si jambo jipya kwetu.

Resini inayouzwa leo hutengenezwa kiwandani. Utakutana na aina mbili, na ni lazima uzitofautishe kabla ya kulipa.

1. Epoksi. Huja kwa chupa mbili: resini yenyewe na kigandishi chake. Vyote viwili hupimwa kwa kiasi kikubwa, kwa mfano kikombe kimoja kwa kikombe kimoja, au viwili kwa kimoja. Harufu yake si kali sana, na ikiganda huwa angavu kama kioo. Hii ndiyo inayofaa kwa mapambo.

2. Poliesta, ambayo mafundi huiita resini ya faiba. Hutumika kutengeneza matangi, mashua na bodi za magari. Mara nyingi ni rahisi kuliko epoksi, na kigandishi chake ni kidogo sana, kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Harufu yake ni kali mno, mvuke wake unashika moto, na tone moja la kigandishi chake likiingia jichoni linaweza kupofusha. Usiitumie nyumbani. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa", si kweli.

Namna rahisi ya kutambua: ukiona ndoo kubwa ya resini inauzwa pamoja na kichupa kidogo sana cha kigandishi, hiyo ni poliesta. Ukiona chupa mbili zinazokaribiana kwa ukubwa, huenda ni epoksi. Hakikisha kwa kusoma maandishi. Chupa isiyo na maandishi usiinunue, kwa sababu hutajua kipimo chake.

JE, NINAWEZA KUANZA BILA RESINI?

Ndiyo, na inashauriwa. Tengeneza pambo la kwanza kwa mbao, gundi ya mbao na vanishi peke yake. Kazi ya kuchagua, kukata, kusugua na kupanga mbao ni ile ile, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uzuri wa pambo. Vanishi inayochanganywa na maji haina harufu kali kama ile ya mafuta. Pambo likikosewa, utakuwa umepoteza vipande vya mbao tu. Ukiona umeweza, nunua chupa ndogo ya epoksi.

MBAO NITAPATA WAPI?

Anza kwa seremala aliye karibu. Kila siku anatupa au anachoma vipande vya mkaratusi, msindano, mfenesi, mvule au mninga. Mwombe akuwekee, au mnunue kwa bei mtakayokubaliana. Vipande vya rangi tofauti ni bora: msindano ni mweupe, mfenesi una manjano, mninga una wekundu, mvule ni wa kahawia. Ukivipanga pamoja hutahitaji kupaka rangi.

Kakuma na Kalobeyei kuna mathenge kwa wingi. Mti huu wa miiba uliletwa kutoka nje ukasambaa hadi kuwa kero kwa wafugaji, na mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu baya. Mbao yake ni ngumu, nzito, yenye rangi nyekundu ya kahawia, na inapendeza sana ikisuguliwa. Miiba yake husababisha majeraha makali, kwa hiyo vaa viatu vigumu. Hata hivyo, usiingie kukata kwenye ardhi ya jamii ya wenyeji bila kuzungumza nao. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji huanzia kwenye kuni. Pambo la ukutani lisiwe sababu nyingine.

Mbao za paleti, yaani vile vichanja vinavyobebea mizigo, zinafaa pia. Tafuta muhuri uliochomwa kwenye ubao. Herufi HT maana yake ubao ulitibiwa kwa joto, na huo ni salama. Herufi MB maana yake ulitibiwa kwa dawa ya sumu ya kuua wadudu. Ubao wa MB usiutumie wala usiuchome. Paleti iliyo kwenye ghala la shirika ni mali ya shirika, hata kama imevunjika. Omba kwanza.

NITAJUAJE KAMA MBAO IMEKAUKA?

Mbao mbichi ndiyo sababu kubwa ya pambo kuharibika. Unyevu hutoka polepole, ubao unajikunja, na resini inabanduka au inakuwa na ukungu mweupe. Mafundi hupenda mbao yenye unyevu usiozidi asilimia 12, lakini kipimo cha unyevu si watu wengi wanacho. Tumia mizani.

Panga vipande vyako mahali pakavu penye kivuli na upepo. Weka vijiti kati yake ili hewa ipite. Chagua kipande kimoja, kipime dukani au kwenye mizani ya jikoni, andika uzito wake juu ya ubao kwa penseli. Kipime tena baada ya siku tatu. Uzito ukiendelea kupungua, bado. Ukipima mara tatu na uzito haubadiliki, imekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali hapo. Vipande vyembamba vya sentimita 1 au 2 huchukua wiki kadhaa. Usivianike kwenye jua kali, vitapasuka.

VIFAA UTAKAVYOHITAJI

• Epoksi ya kufunika juu ya mbao, chupa ndogo
• Ubao wa chini, kwa mfano plaiwudi ya sentimita 30 kwa 20
• Vipande vya mbao vilivyokauka
• Msumeno mdogo, na msasa wa namba 80, 120 na 220
• Gundi ya mbao
• Vikombe viwili vya plastiki vyenye alama za kupimia, na vijiti bapa vya kukorogea
• Pima maji. Kama huna, tumia chupa ya maji iliyolazwa uone povu linakaa wapi
• Utepe mpana wa kufungia maboksi
• Glavu za naitraili. Glavu nyembamba za mpira hazizuii epoksi vizuri
• Miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu, barakoa ya vumbi
• Sabuni na maji mengi

Kumbuka: barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa kemikali. Inasaidia kidogo tu kwenye vumbi. Kinachokukinga na mvuke ni kufanya kazi nje.

NITAFANYIA KAZI WAPI?

Chagua mahali nje, chini ya kivuli, pasipo na vumbi wala upepo mkali. Banda lenye paa na pande mbili wazi linafaa. Kaa mbali na moto wa kupikia, mitungi ya maji na njia wanamopita watoto. Tandika turubai kuukuu au mfuko wa plastiki juu ya meza.

Fikiria pia mahali ambapo pambo litakaa usiku likiganda. Halipaswi kulala chumbani nanyi. Kama huna banda, zungumza na seremala, kituo cha vijana au kikundi cha ufundi wakupe kona inayofungwa. Kama hakuna kabisa mahali pa namna hiyo, usifanye kazi ya resini. Baki na vanishi ya maji.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Chora. Weka karatasi yenye ukubwa wa ubao wako, uchore picha rahisi. Jua linalochomoza nyuma ya milima, majani ya mgomba, au mto kati ya kingo mbili. Picha ya kwanza isiwe na vipande zaidi ya kumi na tano.

Hatua ya 2: Kata na usugue. Kata vipande kufuata mchoro. Anza na msasa namba 80, kisha 120, malizia na 220. Sugua kufuata nyuzi za mbao. Vaa barakoa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo likikudhuru acha kuutumia. Futa vumbi lote kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 3: Gundisha. Bandika vipande kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao, weka kitu kizito juu, uache siku moja.

Hatua ya 4: Zungushia ukingo. Bandika utepe wa maboksi kuzunguka pande nne za ubao, upande utokeze juu kwa nusu sentimita. Epoksi haishiki kwenye utepe huu, kwa hiyo utauvua kwa urahisi baadaye. Bana pembe vizuri. Resini hupita hata kwenye tundu dogo.

Hatua ya 5: Sawazisha. Weka ubao mezani uupime kwa pima maji pande zote mbili. Meza ikiinama, resini yote itakimbilia upande mmoja.

Hatua ya 6: Piga hesabu. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo cha resini, vyote kwa sentimita. Jibu ni mililita. Kwa ubao wetu: 30 × 20 × 0.3 = mililita 180. Ongeza kidogo kwa itakayobaki kikombeni, iwe 200. Kama chupa inasema moja kwa moja, pima 100 na 100. Kama inasema mbili kwa moja, pima 133 na 67. Epoksi nyingi za kufunika hazipaswi kumwagwa kwa kimo kinachozidi milimita 3 kwa mara moja.

Angalia kama kipimo cha chupa ni cha ujazo au cha uzito. Havifanani, kwa sababu kigandishi huwa chepesi kuliko resini. Kama kipimo ni cha uzito, tumia mizani.

Hatua ya 7: Paka tabaka la kuziba. Mbao ina matundu yenye hewa. Ukimwaga resini yote kwa mara moja, hewa hiyo itatoka kama mapovu. Changanya kiasi kidogo kwanza, upake tabaka jembamba kwa brashi, usubiri saa 4 hadi 6 mpaka linate kidogo bila kutoka kidoleni. Jaribu ukiwa umevaa glavu.

Hatua ya 8: Changanya. Vaa glavu na miwani. Koroga polepole kwa dakika 3 hadi 5, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe. Hamishia kwenye kikombe cha pili safi, ukoroge tena dakika moja. Resini iliyobaki pembeni bila kukorogwa ndiyo inayoacha mabaka yasiyoganda.

Hatua ya 9: Mwaga. Anzia katikati, sambaza kwa kijiti. Mapovu yaliyobaki yapasue kwa kijiti cha meno. Wengine hupitisha moto wa kiberiti cha gesi haraka juu yake. Ukifanya hivyo, usiache moto ukakaa mahali pamoja, na pasiwe na tina au petroli karibu. Usipulize kwa mdomo.

Hatua ya 10: Funika na usubiri. Weka boksi juu bila kugusa resini, ili vumbi na wadudu wasiingie. Baada ya saa 24 itakuwa ngumu kushikika. Usiitundike kabla ya siku 3. Inakomaa kabisa baada ya siku 7 hivi. Kabla ya hapo usiisugue kwa msasa, kwa sababu vumbi la resini changa bado lina kemikali.

JOTO NA MVUA

Maelekezo ya chupa huandikwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25. Kakuma mchana hupita nyuzi 35. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wako wa kufanya kazi hupungua karibu nusu. Resini inayokupa dakika 40 inaweza kukupa 20 au chini. Fanya kazi alfajiri, na changanya kidogo kidogo.

Resini inapoganda hutoa joto yenyewe. Ikiachwa nyingi ndani ya kikombe, inaweza kuchemka, kutoa moshi na kuyeyusha plastiki. Kikombe kikianza kuwa cha moto, kipeleke nje mbali na watu, kiweke juu ya udongo mtupu. Usikae kuvuta moshi wake.

Kwenye maeneo ya milima na wakati wa masika, tatizo ni unyevu. Resini inaweza kuwa na utando kama mafuta juu yake. Ikishaganda, ioshe kwa maji na sabuni, ikaushe, ndipo uongeze tabaka jingine. Siku ya mvua kubwa usimwage.

RANGI NA VITU VYA KUWEKA NDANI

Makaa yaliyosagwa na kuchekechwa hutoa rangi nyeusi nzuri bila gharama. Unga wa rangi unaouzwa kwa ajili ya resini ni mzuri pia. Usitumie rangi ya chakula wala kumimina rangi ya maji kwa wingi, kwa sababu maji huzuia resini kuganda.

Unaweza kuweka ndani kipande cha kitenge, shanga, buni za kahawa, maharage ya rangi au majani. Kila kitu kiwe kikavu kabisa, la sivyo kitaoza au kuleta mapovu. Kitenge kipake gundi nyeupe pande zote mbili, ukaushe, ndipo ukifunike. Bila gundi kitabadilika kiwe cheusi kama kimelowa.

AFYA YAKO NA YA FAMILIA

Hatari kubwa ya epoksi ni mzio. Mtu anaweza kuigusa mara nyingi bila shida, kisha siku moja ngozi ikaanza kuwasha, kuvimba na kutoa malengelenge. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida hauikubali tena maishani. Hata tone dogo litaleta ugonjwa ule ule. Ndiyo maana glavu zinavaliwa kuanzia siku ya kwanza.

• Ikigusa ngozi: futa kwa kitambaa, osha kwa sabuni na maji. Usitumie tina, petroli wala mafuta ya taa, kwa sababu huipeleka kemikali ndani zaidi ya ngozi.
• Ikiingia jichoni: osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda kituo cha afya mara moja.
• Ikimezwa: usimtapishe mtu. Nenda kituo cha afya na uichukue chupa ili mhudumu aone maandishi.
• Ukiona kizunguzungu au kifua kinabana: acha kazi, toka kwenye hewa safi. Kama hakuna nafuu, tafuta matibabu.

Hifadhi chupa mahali pa juu panapofungwa. Usihamishie resini au kigandishi kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

MABAKI NITAYATUPA WAPI?

Resini iliyobaki usiimwage chooni, mtaroni wala karibu na kisima. Iache igande kikombeni, nje, kisha uitupe na taka ngumu. Usichome resini wala vipande vya mbao vilivyopakwa resini, na hasa usivitie kwenye jiko la kupikia. Moshi wake ni sumu. Vumbi na vipande vya mbao tupu unaweza kuvitumia kama kuni, isipokuwa vya paleti ya MB.

KULITUNDIKA

Pambo la ukubwa huu lina uzito usiofika kilo moja kwa kawaida, lakini msumari kwenye ukuta wa udongo hulegea. Funga waya nyuma ya pambo, ulining'inize kwenye nguzo au boriti ya paa. Nyumba ya mabati hupata joto kali sana mchana, na epoksi nyingi hulainika kuanzia nyuzi 50 au 60. Usiligusishe pambo na bati. Liweke pia mbali na jua la moja kwa moja, la sivyo resini itageuka manjano.

UKITAKA KUUZA

Andika gharama zote: resini, glavu, msasa, gundi, mbao, nauli ya kwenda mjini. Ongeza saa zako. Mfano tu: chupa ikigharimu shilingi 60,000 na ikatoa mapambo manne, kila pambo limebeba 15,000 za resini peke yake. Ukitumia 5,000 kwa vitu vingine na siku moja ya kazi unayoithamini 10,000, ukiuza chini ya 30,000 unajilipa pungufu. Weka pia akiba ya pambo moja litakaloharibika, kwa sababu litakuwepo.

Usikope kununua resini kabla hujauza hata pambo moja la vanishi. Waonyeshe watu kwanza. Wanunuzi wa mapambo huwa ni wenye hoteli, saluni, ofisi na wageni, siyo jirani anayesubiri mgawo. Waulize wanapenda picha gani na ukubwa gani kabla ya kukata mbao.

Kuhusu sheria: Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini. Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya kufanya kazi, lakini ukiwa umepangiwa kuishi Kakuma au Dadaab unahitaji ruhusa ya kusafiri nje ya eneo hilo. Tanzania, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Kabla ya kusafirisha bidhaa au kufungua kibanda, uliza ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi mahali unapoishi.

Njia nzuri kwa wengi ni kushirikiana. Mwenyeji mwenye karakana ana banda, msumeno na mabaki ya mbao. Mkimbizi anaweza kuwa na mkono wa kuchora na muda. Andikeni makubaliano yenu kwenye karatasi: nani ananunua resini, nani anauza, faida inagawanywaje.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Resini yangu inanata hata baada ya siku tatu. Nifanye nini?
Kipimo kilikosewa au haikukorogwa vizuri. Kuongeza kigandishi juu yake hakusaidii. Vaa glavu, kwangua sehemu zote laini, kisha mwaga tabaka jipya lililopimwa sawasawa.

Naweza kuongeza kigandishi ili ikauke haraka?
Hapana. Kwa epoksi, kigandishi cha ziada hubaki bila kazi na pambo huwa laini. Ikiwa una haraka, chagua siku yenye joto.

Naweza kutengeneza sahani au kikombe?
Hapana. Tengeneza vya ukutani tu. Resini ya mapambo haikutengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto.

Watoto wangu wanapenda kunisaidia. Wafanye nini?
Wape kazi ya kuchora, kuchagua rangi za mbao na kupanga vipande kabla ya gundi. Hiyo ni kazi halisi, na mara nyingi wao ndio wanaoona picha ndani ya kipande ambacho mtu mzima alikuwa anakitupa jikoni. Ukifika wakati wa kufungua chupa, waende wakacheze mbali.